Umechaguliwa

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba sita leo. Kisesa imeota vilima siku hizi, au ni magoti yangu. Kazi ileile ya kujitolea: kuwaomba akina mama wajiunge na utafiti wa afya ya uzazi. Neno langu jipya linafanya maajabu. Nikisema "umechaguliwa", mtu anakaa wima. Mama Kulwa alibadili kitenge kabla ya kuweka sahihi! Nimejisifu njia nzima. Mhaya ni Mhaya.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi kaja Masanja, mume wa Mama Kulwa. Hakukaa.
"Shemeji, nani kamchagua mke wangu? Wamemwona na nini?"
Anadhani madaktari wamemwona ana ugonjwa. Nami siruhusiwi hata kukiri kwamba yumo kwenye utafiti. Niliapa kutunza siri. Nikamkaribisha chai. Mjinga mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Kaja tena. Nimejificha chooni. Mtu mzima, miaka hamsini na mbili.

Jumapili, 9 Machi
Mama Kulwa karudishwa kwao Usagara, "mpaka ijulikane anaumwa nini." Haumwi! Namba ya nyumba yao ilitoka tu kwa bahati nasibu kwenye kompyuta, kama za wengine. Nikilisema hilo, nimetoa siri. Nisiposema, ndoa ya watu inakufa mikononi mwangu. Kanisani wawili wamehama benchi langu. Labda nimenenepa. Sioni pa kutokea. Naogopa.

Jumanne, 11 Machi
Nimemfuata Usagara. Siri ni yake, si yangu; yeye ndiye wa kuniruhusu niiseme. Imenichukua siku tano kuliona hilo. Nimekiri kwamba lile neno nililitunga mwenyewe, kwa kujipendekeza. Akacheka, bila furaha.
"Ninyi Wahaya na maneno yenu makubwa. Mwambie. Ila mimi niwepo."

Alhamisi, 13 Machi
Nimerudi naye Kisesa. Tumekaa watatu uani kwao. Nikaeleza: kompyuta, namba za nyumba, basi. Hakuna daktari aliyemwona na kitu. Masanja kauliza mara tatu, kisha akaenda kuwafungua ng'ombe.

Mama Kulwa akaniuliza kama anaruhusiwa kujitoa. Nikasema ndiyo, tangu siku ya kwanza.
"Hukuniambia."
Kweli. Sikumwambia.
Nikajaza fomu ya kujitoa, akasaini. Hakuwa na hasira. Tukala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Halafu akachukua begi lake pale mlangoni, akaingia ndani kupanga nguo kabatini.