Sikio Lako la Kushoto

Kaka yangu Evans,

Kuna jambo ninalolijua na sijamwambia mtu yeyote, si mama, si mchungaji, si hata rafiki yangu Naserian ninayemwambia kila kitu. Sikio lako la kushoto halisikii. Nimelijua tangu ulipokuja nyumbani Desemba, na tangu hapo kila mechi yako naitazama nikiwa nimekumbatia mto, kama mtu anayengoja habari mbaya.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Unajua mama huweka spika ili na majirani wakusalimie, na mimi hubaki nyuma yao nikisema "niko poa, na wewe?" halafu simu inapita kwa mwingine. Sasa nimemaliza shule, niko nyumbani mchana kutwa, na woga huu umepata nafasi ya kukaa.

Unakumbuka ile siku ya mashindano Kajiado? Nilikuwa darasa la tano. Wewe ulikuwa beki wa kati wa timu ya mtaa wetu hapa Kitengela. Zawadi ya mshindi, beberu mweupe, alikuwa amefungwa kando ya uwanja kama kawaida, ili wachezaji wamwone wakianza kuchoka. Kocha Lemayian alikuwa anakupigia kelele: "Evo! Wewe ni beki ama mlingoti wa bendera? Geuka umwangalie mtu wako!" Hukugeuka. Straika alikuwa nyuma yako na sisi wote tulikuwa tumeshika vichwa. Mpira ulipopigwa juu, ukapiga hatua moja kando, ukauondoa kabla hajaufikia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai akasema, "Huyu kijana ako na macho kwa kisogo, woi!" Watu wakacheka, na Kocha Lemayian akajifanya ni yeye aliyekufundisha.

Jioni tukimvuta yule beberu kuelekea stendi nilikuuliza ulimwonaje yule straika.

"Sikumwona, Kadogo. Nilimsikia. Straika akitaka kukimbia huvuta pumzi kwanza. Ukingoja umwone, ushachelewa."

"Na kama kuna kelele?"

"Hata kukiwa na kelele. Masikio ndiyo kazi yenyewe, miguu inafuata tu."

Kazi hiyo ndiyo iliyokupeleka kwenye ligi kuu Nairobi, na baadaye Zambia. Nakumbuka asubuhi uliyosafiri, mama alikulazimisha ubebe unga wa wimbi, nawe ukasema, "Mama, hata Zambia watu hula." Uliubeba hata hivyo.

Halafu ikaja ile mechi ya mwaka jana uliyogongana vichwa na straika wa wapinzani kwenye kona. Yeye alitolewa kwa machela. Wewe ulifungwa bandeji ukarudi uwanjani, na sebule yetu ikajaa makofi. "Huyo ni simba!" jirani yetu, baba yake Brayo, alisema. Nami nilipiga makofi, Kaka. Sikujua nilichokuwa nashangilia.

Desemba tulienda soko la Bisil kutafuta mbuzi wa Krismasi. Ulikuwa unaniringia jinsi unavyojua kuchagua, ukimpapasa kila mbuzi mgongo, mpaka kijana mmoja aliyekuwa akiwauza akakuuliza kama unataka kununua ama kumkanda. Tulipotoka, tulitembea kando ya barabara ya Namanga, barabara ikiwa kushoto kwako. Lori la ng'ombe likaja nyuma yetu upande wetu, likilipita lingine na kupiga honi. Watu wote wakaruka. Wewe uliendelea kutembea, ukaanza hata kuingia barabarani kukwepa dimbwi. Nilikuvuta shati mpaka kifungo kikatoka.

"Aki Kadogo, nilikuwa nawaza tu," ulisema. Ulicheka, lakini uso wako haukucheka.

Usiku huo mezani nilikaa kushoto kwako nikakuita kwa sauti ya chini. Ukaendelea kula. Nikahamia kulia nikakuita vilevile. "Unanong'ona nini wewe?" ukauliza. Nikasema nataka chumvi.

Ndipo nikaelewa kwa nini ulikuwa umemwomba kocha wako akuhamishie upande wa kushoto. Sisi tulidhani ni mbinu mpya. Ukiwa kushoto, kipa na beki mwenzako wote wako upande wa sikio zima, na lile lingine linaelekea kwenye mstari ambako hakuna wa kukuita. Ulipanga vizuri sana. Ungeweza kuwadanganya watu wote kwa miaka.

Lakini Jumamosi iliyopita beki mwenzako wa kulia aliumia, kocha akakurudisha kulia. Mpira ukaja kati yako na kipa, na kipa akaita "Acha!" Hukuacha. Goti lake likakupata upande wa kichwa ukaanguka, ukalala pale mikono ikiwa imenyooka kama si yako. Mama alipiga magoti mbele ya runinga. Ulipoinuka na kuomba kuendelea, kila mtu sebuleni akapumua isipokuwa mimi.

Baadaye ulimwambia mama, "Kipa hakuita, ndiyo maana." Kaka, aliita. Mimi nilimsikia nikiwa hapa Kitengela, kwenye runinga iliyopunguzwa sauti kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa amelala. Wewe ulikuwa karibu naye kiasi cha kushikana mikono.

Najua kwa nini unaficha. Mkataba unaisha, na kabla ya kukupa mwingine watakupima. Najua pia kwamba beki asiyesikia hawatamngoja, na kwamba hujui kazi nyingine na hujawahi kuitaka. Nikisema, huenda nikawa mimi niliyemaliza mpira wako. Nikinyamaza, naona lile lori likija na mimi siko karibu na shati lako. Naamka na hofu hiyo na kulala nayo, na mama huniuliza kama naogopa matokeo ya mtihani. Nasema ndiyo.

Kwa hivyo nakuomba. Usicheze Jumamosi hii. Nenda kwa daktari wa timu umwambie kutoka mdomo wako mwenyewe, kabla pigo lingine halijamwambia. Labda sikio linatibika. Labda halitibiki, nawe utarudi nyumbani bila kazi, utakuwa na hasira na mimi, na tutakula chakula cha jioni kimya. Hicho chakula nakitamani kuliko mechi yoyote utakayoshinda.

Siri ya sikio ni yako, mama utamwambia wewe ukiwa tayari. Lakini mimi pia niko na yangu, na hii uizike kabisa. Jumapili mama alisimama kanisani akaomba maombi ya pamoja, ili klabu ikuongezee mkataba. Watu wote walifumba macho wakainua mikono. Niliinua yangu pia, nikamwomba Mungu wakuache nje ya timu. Niliomba kwa nguvu kuliko wote, Kaka, mpaka mama akanishika bega akaniambia asante. Tafadhali, asijue kamwe nilichokuwa naomba.

Mimi dada yako mdogo,
Kadogo