Mtu Aliyelipwa Kupiga

Jumatatu, 3 Machi

Mistari minane ya maharagwe kabla ya jua kukaza. Bega la kulia limeanza kuuma kwenye mstari wa tano. Kawaida yake.

Jirani mpya kauliza kwa nini hapa Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, wananiita Mujapani. Nikamwambia nilifanya kazi Japani. Kazi gani? Besiboli. Akauliza kama ni kiwanda cha nguo. Nikasema ndiyo. Nimechoka kueleza.

Miaka sita nililipwa kuugonga mpira kwa gongo hadi uvuke uzio. Watu walisimama na kuimba jina langu, wakilikosea. Hapa hakuna hata anayejua nilikuwa hodari wa kitu gani. Kule kocha alitulazimisha kuandika daftari kila siku. Mchezo umeniacha, daftari bado.

Jumatano, 5 Machi

Sokoni kwa Consolate. Nimenunua ndagala, yaani dagaa, nisizozihitaji, nyumbani zimejaa kopo zima.

Ni Mrundi. Sikio lake la kushoto halisikii. Mume wa kwanza, ambaye Consolate alimtoroka, ndiye aliyelipasua, kwa ngumi. Nikiongea naye nasimama kulia kwake.

Nina miaka arobaini na mitatu na namtaka mwanamke huyu awe mke wangu. Basi, nimeandika. Leo nimemwambia. Amefunga vifurushi vitatu vya ndagala kabla ya kunijibu: "Tuma mutu kwa kaka yangu Déo." Nimerudi nyumbani nikitembea haraka kama mtu anayefukuzwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimtume nani? Wazazi niliwazika hapa hapa. Ndugu zangu wote wamepelekwa Kanada. Mtu akikosa ukoo, hata posa inamshinda.

Nimekwenda Mbarara kwa Tumwine. Ana duka la vipuri vya pikipiki, mtaa wa Ruharo. Tulicheza timu moja Kampala kabla sijaenda Japani. Ndiye mtu pekee ninayemjua nchi hii aliyewahi kuniona nikicheza. Amekubali kuwa mshenga wangu kabla sijamaliza kuomba. Huwa tunaongea Kiganda. Déo hakijui, lakini Tumwine anasema Kiswahili si tatizo, alikaa jeshini miaka minne, ndiko alikojifunza.

Jumapili, 16 Machi

Mambo yameharibika.

Tumefika kwa Déo baada ya misa. Desturi yao mwoaji hasemi. Nikawekwa nje, kwenye benchi, mgongo ukutani. Ukuta ni wa udongo, nikasikia kila neno.

Déo kauliza mtu huyu alifanya kazi gani huko ng'ambo. Tumwine, kwa moyo wake wote: "Huyu kazi yake ilikuwa kupiga. Walikuwa nalipa yeye juu ya kupiga tu. Yeye akipiga, watu yote nakimbia."

Déo akauliza: "Alikuwa anapiga nani?"

"Yeyote nasimama mbele yake. Hata Wajapani."

Mimi nje nimeuma kidole. Mwoaji hasemi. Nilikaa kama mjinga, nikishika desturi ya watu, huku maisha yangu yakipinduliwa humo ndani.

Déo akatoka mwenyewe. Hakuniangalia usoni. "Dada yangu alisha kupigwa ya kutosha. Hatuwezi kumupeleka kwa mwenye alikuwa analipwa kwa kazi hiyo."

Tumwine hadi anapanda boda alikuwa akiniuliza amekosea wapi. Alidhani amenisifu. Na kweli alinisifu.

Jumatatu, 17 Machi

Sikulima. Nimekuwa na hasira na Tumwine, halafu na Déo, halafu na mimi. Mara ngapi watu waliniuliza, nikasema kiwanda cha nguo?

Jumanne, 18 Machi

Nimerudi kwa Déo na gongo langu, lile la msimu wa mwisho. Nimemweleza mwanzo hadi mwisho. Mmoja anarusha, mimi nagonga, kisha wote tunakimbia. Mpira ndio unaopigwa. Akaanza kucheka, akashika tumbo. Akataka kuona.

Nikasimama katikati ya ua. Nilishika gongo na mwili ukakumbuka wenyewe, miguu, kiuno, hata bega likanyamaza. Nikazungusha kwa nguvu zote. Upepo ukalia. Kwa nukta moja nilikuwa mimi tena, na nilifurahi, siwezi kukana.

Nikageuka. Consolate alikuwa ametoka jikoni na chai. Vikombe vilikuwa chini. Yeye alikuwa amechuchumaa ukutani, mikono yote miwili kichwani.

Nililitupa gongo. Haikusaidia kitu. Nilipomsogelea alijikunja zaidi, nikarudi nyuma. Baadaye akainuka, akaokota vikombe, akasema akiwa ametazama chini: "Nimeelewa ni muchezo. Mwili yangu ndiyo haijaelewa."

Ijumaa, 21 Machi

Déo amekuja shambani, na habari njema kwa mtazamo wake. Familia imekubali. Nilete vinywaji vya posa Jumamosi ijayo. Nikauliza Consolate mwenyewe amesema nini. Hajasema. Haongei tangu Jumanne. "Usihangaike, shemeji. Atazoea."

Kaniita shemeji. Miaka mingapi hakuna aliyeniita jina la udugu. Nusura niseme ndiyo.

Nikamuuliza: hata kwa yule mume wa kwanza, mlimwambia atazoea? Déo akainama akaokota jembe langu, akalitazama, akaliweka chini. 

Nimemwambia vinywaji sileti. Asimlazimishe, asimuulize, asimtajie jina langu. Akitaka siku moja, nyumba yangu anaijua. Ameondoka ameudhika, anasema nachezea familia yake. Sina mwingine wa kumweleza. Nalia nikiandika. Mwanamume mzima.

Jumapili, 23 Machi

Mvua asubuhi, kisha jua. Nimepanda mahindi yaliyobaki.

Jioni nilihitaji chumvi. Njia fupi ya dukani inapita mbele ya meza yake, naye akiwa kazini huinua macho kwa hofu kila hatua za mwanamume zinapokaribia. Nikazungukia nyuma, njia ya kanisa. Ni ndefu karibu mara mbili na ina matope. Kutoka kule juu niliiona meza yake kwa mbali. Alikuwa akipanga ndagala, kichwa chini, hana wasiwasi.

Hiyo ndiyo itakuwa njia yangu.