Kamera ya Kumpigia Picha Mwali

Dada Mama Hadija,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua tangu mlipomaliza kupuliza salfa kwenye mikorosho. Na baba je, miguu yake inamruhusu kufika msikitini? Huku Karatu baridi imetukalia, nami nipo, nafua mashuka ya hoteli kama kawaida. Mwili mzima. Moyo, tuache kwanza.

Naandika kwa sababu kwenye simu kila nikiligusa jambo hili unaniambia huko kwenu Mnyambe mtandao unakatakata. Karatasi haikatiki, dada. Utaisoma mpaka mwisho.

Nilipokuachia Salima alikuwa bado ananyonya kidole. Tulikubaliana mimi na wewe, baba anasikia: wewe umlee, mimi nihangaike, lakini siku atakayotoka unyagoni mama yake awepo. Kwa hiyo mliponiambia atatolewa Jumamosi ya mwisho ya likizo ya shule, nikaomba ruhusa kazini, nikaanza kutafuta kamera.

Usicheke. Simu ninayo, lakini ukivuta picha kwa mbali uso wa mtu unakuwa uji. Na mila yetu unaijua: mama wa mwali hasogei. Anakaa nje ya ua na wanawake wenzake mpaka kungwi amfunue mtoto kanga, ndipo aitwe, acheze, ampokee. Mimi nilitaka ule uso unapofunuliwa, kabla hajaniona. Nikamuuliza Baba Neema, dereva wa watalii hapa kwetu. Akaniambia, "Usidanganywe na megapikseli, mama. Angalia kioo chenyewe kinavuta mpaka wapi, na kama skrini inaonekana juani." Nikataka pia iwe ndogo, iingie kwenye pindo la kanga, maana makungwi wetu wakiona dude kubwa wangenitimua mchana kweupe.

Nilizunguka maduka ya Arusha siku nzima ya mapumziko yangu. Moja nzito, nyingine betri yake haipatikani, nyingine inaandika Kichina kitupu. Mwishowe nikaipata. Nyeusi, inatosha kiganjani. Nikatoka nayo mlangoni, nikamvuta kwa kioo chake mama mmoja anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara, nikaona mpaka tone la jasho puani mwake. Nilifurahi kama mtoto, dada. Nilikuwa najichekea peke yangu pale mlangoni.

Ndipo simu ikalia kwa ujumbe wa Mama Zuhura, jirani yako: "Hongera, mwali ametoka salama, angalia stetasi yangu." Nikaangalia. Mwanangu yuko chini ya mwavuli, kanga mpya, anafunuliwa. Wanawake wanapiga vigelegele, wanaita, "Mama Salima! Mama Salima!" Na anayeingia uani kwa madaha, kiuno mbele, kitambaa mkononi, ni wewe.

Nimeambiwa baadaye kwamba kungwi alihitajika Makote Jumamosi ile, kwa hiyo mjomba akaiwahisha siku. Sawa. Mjomba ndiye mwenye neno, simbishii. Lakini simu yako ilikuwa na chaji ya kucheza na kujirekodi, haikuwa na chaji ya kuniambia? Na kama ilibidi mtu ashike nafasi yangu, ungeweza kuinua mkono ukawaambia wanawake wale, "Mwenyewe yuko Karatu, mimi namshikia." Hukusema. Nimeiangalia ile video mpaka naijua, na hukusema.

Nilimrudishia muuzaji kamera yake. Akaniuliza ina kasoro gani. Nikamwambia haina.

Haya yote ningeyameza, maana nimeshameza mengi. Kilichonishinda ni juzi. Ulimpa Salima simu anisalimie. Akasema, kwa adabu kabisa, "Shikamoo, mama mdogo." Nilikusikia upo pembeni yake, nikangoja umrekebishe. Ukamwambia tu, "Muulize zawadi yako inakuja lini."

Umemlea vizuri, silikatai hilo na sitalikataa mbele ya mtu yeyote. Umemuuguza, umempeleka shule. Lakini nilikupa mtoto umtunze, sikukupa jina langu.

Ruhusa yangu iko palepale. Nakuja Jumamosi ileile, hata kama ua umeshafagiliwa. Nikiondoka naondoka na mwanangu, mjomba nimeshamwambia. Mfungie nguo zake na daftari zake za shule.

Nisalimie baba, umwambie namletea soksi nzito. Nisalimie mjomba, na shemeji yangu baba Hadija, na Hadija mwenyewe na mumewe wa Masasi. Mama Zuhura mshukuru sana, yeye alinikumbuka.

Salima usimpe salamu zangu, nitampa mwenyewe. Ila kabla sijafika, mkalishe chini umwambie mimi ni nani. Unyagoni wamemfundisha mengi. Hili mfundishe wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Salima