Filamu Iliyomgeuza Babu Msaliti

Jumatatu, 4 Machi
Bila mimi mji huu usingekuwa na historia hata ya kujaza kiganja! Nani aliwapa watu wa filamu habari za babu yangu, dereva wa treni wakati wa ule mgomo wa reli? Mimi. Mkurugenzi wao alininywesha soda wiki nzima, akaniita Profesa. Inaanza kuonyeshwa Ijumaa. Majirani nimewaambia wavae vizuri.

Jumatano, 6 Machi
Kinyozi ameshaiona, alipewa tiketi ya onyesho la majaribio kwa kuwanyoa waigizaji. Wembe uko shingoni kwangu, ananiuliza, "Mjomba, kumbe babu yenu ndiye aliyewauza wenzake?" Ati kwenye filamu anawataja kwa meneja wa reli, anazawadiwa saa ya dhahabu! Nimetoka na ndevu upande mmoja.
Babu! Aliyeupakua moto wa injini kwa koleo akaumwaga relini, treni isiondoke. Makaa yakamla miguu, akachechemea mpaka kaburini. Saa ya dhahabu — mtu aliyekuwa akiazima soksi!

Alhamisi, 7 Machi
Nimempigia mkurugenzi. Nimemfokea mpaka simu imepata moto.
"Profesa, filamu lazima iwe na msaliti."
Si alikuwepo wa kweli? Anasema wajukuu wa yule wana mawakili. "Ninyi ni watu waelewa."
Waelewa! Mwizi mkubwa. Kesho naingia ukumbini, napanda mbele, nasimamisha filamu. Watanijua.
Tatizo ni shangazi. Ndiye mtoto pekee wa babu aliyebaki. Ameshonesha gauni, anataka kumwona baba yake akitembea tena. Niliahidi kumpeleka Jumamosi.

Jumamosi, 9 Machi
Shangazi yuko sebuleni, gauni jipya, mkoba magotini. Nimemwambia ukumbini umeme umekatika.
"Utarudi. Nitausubiri huko huko."
Nimemwambia nina homa. Akanishika paji la uso, akaguna. "Wewe jana ulikwenda. Watu walimpokeaje baba?"
Nikasema walisimama ukumbi mzima. Akafurahi huyo! Nami nikakimbilia chumbani, ati natafuta viatu.
Si uongo. Walisimama — kumzomea, pale anapovaa ile saa. Mbele sikupanda. Jibaba lililokaa kando yangu likaona sizomei, likanigeukia: "Vipi, bwana, wewe ni ndugu yake?"
Shangazi anagonga mlango. Viatu ninavyo miguuni.
Jana, kulijibu lile jibaba, nilitia vidole mdomoni, nikampigia babu mbinja. Kali kuliko za wote.