Vifuniko Ishirini na Vinne

Dada Rehema,

Shikamoo. Huko kwetu Mungaa wanaamkaje? Mguu wa baba umepona, au bado anausingizia asiende shamba la Ujamaa? Na wanao wale wezi wa karanga, wazima? Mimi mwili ni mzima, nakula, ila tangu Jumatano moyo unanidunda kama kinu cha jirani. Barua hii isome peke yako kwanza. Baba msomee mpaka hapo kwenye mguu wake, kisha mwambie mwandiko umeharibika. Ataamini, ananijua.

Unakumbuka nilivyowatambia pale stesheni ya Manyoni kwamba nakuja Dar kufanya kazi ya ubongo? Ukaniuliza, "Wa kwako au wa kuazima?" Basi ni wa mbuzi. Wale mbuzi wetu wa kizunguzungu, wanaozunguka mahali pamoja mpaka wanaanguka. Kaka Ntandu, mtoto wa yule mzee wa mizinga ya nyuki, ndiye anayewasomea udaktari. Siyo udaktari wa sindano, ni wa vitabu, ule wa juu kabisa. Hapa chuoni wanaosomea ubongo mpaka ngazi hiyo ni wanne, na Mwafrika ni yeye peke yake. Wenzake wana wasaidizi wenye vyeti. Yeye ana mimi, darasa la nne, lakini mbuzi nawajua kuliko maprofesa wote. Usicheke. Mbuzi wale niliwaleta mwenyewe kwa treni, nikawashika wakichinjwa, nikapasua vichwa kwa shoka dogo bila kuharibu kitu.

Profesa mmoja alisema mbele yangu kwamba Ntandu ni wa kujaribia tu: akishindwa, hawataingiza mwingine kutoka huko kwetu porini. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini hilo nililielewa.

Sasa sikia nilichofanya. Bongo zile zimewekwa kwenye chupa ishirini na nne, ndani ya dawa kali inayochoma macho. Namba ziko kwenye vifuniko, kwa sababu dawa hubandua karatasi kwenye kioo. Jumatano Ntandu aliniambia nibadili dawa. "Moja moja, Elia. Fungua, badili, funga." Mimi nikajiona fundi. Nikafungua zote, vifuniko nikavitia kwenye ndoo moja, nikavisugua vikang'aa kama sufuria za harusi. Nilipoinama kuviokota, dada, ndipo nikaona namba zote zipo, ila sijui kipi ni cha chupa ipi. Nikavirudisha hivyo hivyo, nikanyamaza siku mbili.

Ijumaa Ntandu akainua chupa ya saba, akaitazama, akatazama mchoro wake.

"Elia, huyu alikuwa mmoja wa mbuzi wazima wa kulinganishia. Ameugua baada ya kufa?"

"Labda ni dawa, kaka."

Akaacha Kiswahili, akahamia Kinyaturu chetu. Mtu mpole akihamia huko, ujue pameharibika. Nikasema yote. Hakunipiga. Alikaa chini sakafuni, na hilo liliniogopesha kuliko fimbo ya baba. Miaka mitatu ya kazi, na Jumatatu maprofesa wanakuja kulinganisha chupa na michoro.

Nikamwambia, "Kaka, nipe chupa, usinipe namba." Maana mbuzi wa kizunguzungu huzungukia upande ulio na ule mfuko wa maji unaoota kwenye ubongo wake, na mimi niliwachunga wote. "Huyu ni yule wa sikio lililokatwa, alizungukia kushoto. Huyu ni mwekundu, alikuwa anatazama juu kama mlevi. Huyu shoka liliteleza, ona." Yeye anafungua mchoro, anaandika namba. Chupa ishirini na mbili zikakubali.

Mbili zikabaki, ya tisa na ya kumi na nne. Ni wale mbuzi pacha kutoka kijiji cha Mwankoko. Upande mmoja, mfuko mmoja, ukubwa mmoja. Michoro yao ukiiweka mmoja juu ya mwingine, inafanana.

"Tubahatishe," nikasema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Amekataa kabisa. Atawaambia maprofesa kwamba mbili zimechanganyika, wazitoe kwenye hesabu. Watataka kumwona aliyezichanganya. Nitasimama mbele yao niseme kwa Kiswahili, yeye atafsiri. Naogopa, dada. Sifukuzwi mimi tu. Wakimkataa, watasema ni kwa sababu ya watu aliokuja nao. Na ulimi wangu unaujua, ukibanwa unatunga. Jana nimejizoeza mbele ya ukuta, mara mbili nikajikuta nasema ni panya aliyeangusha ndoo.

Msalimie mama, mwambie nimenenepa. Msalimie shangazi wa Kinyangiri mwenye maneno mengi, na balozi wetu wa nyumba kumi, na mjomba fundi baiskeli. Mama yake Ntandu msalimie bila kumwambia kitu.

Barua hii naitia posta leo Jumamosi, kabla hawajaniuliza. Nimekuandikia kwamba ni mimi niliyevua vifuniko vyote kwa mara moja. Sasa unajua, siwezi tena kusema ni panya.

Mdogo wako anayetetemeka,
Elia