Unayecheza Naye Kila Jumamosi

S.L.P. 417,
Nyumba ya nyuma ya posta.
Jumapili, 14 Machi.

Mdogo wangu mpendwa, Mhandisi wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Yale mafua yamemwacha, au bado anatupigia chafya kwenye simu? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo wa karani wa posta hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Shangazi yupo, anagombana na kila anayepita mlangoni, kwa hiyo yeye ni mzima kuliko sisi sote.

Umezoea nikifika hapa naandika kwamba Baba naye hajambo. Leo sitaandika hivyo. Tafuta mahali ukae kwanza.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu tunaiweka spika karibu na kitanda chake, na anasikia kila neno. Halafu haya mambo nikiyasema kwa mdomo nitalia, na wewe ukinisikia nalia utaanza kunibembeleza badala ya kunisikiliza. Nimekujua tangu unanyonya.

Jambo lenyewe ni hili. Anachoumwa Baba si uzee wala baridi ya viungo, kama tulivyokuwa tukikuambia. Ana ugonjwa wa neva unaolegeza misuli. Ulianza kwenye kidole gumba cha kulia mwaka juzi, ukapanda mkono mzima, ukahamia wa kushoto. Daktari alituchorea kwenye karatasi njia utakayopita: mikono, shingo, ulimi, kisha kifua. Dawa ya kuurudisha nyuma hakuna. Yule mtu aliyepanga herufi za chuma kwa vidole kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini, sasa mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati.

Aliyetukataza kukuambia ni yeye mwenyewe. Alisema ukijua utaacha kazi uje kukaa hapa umwangalie anavyolegea, na hakukusomesha kwa ajili hiyo. Unamjua, ni mtu wa kufa na tai shingoni. Mimi na Shangazi tukala kiapo, na Shangazi, ambaye hajawahi kutunza siri hata ya mboga iliyoungua, hii ameitunza.

Sasa nije kwenye ile mashine ya gemu ya kampuni yenu uliyomtumia. Kifurushi nilikipokea mwenyewe dirishani kwangu, na baada ya kukifungua nikaipima mashine kwenye mizani yetu. Gramu mia sita na arobaini. Ile ndogo yake ya zamani yenye vitufe, aliyokuwa akiiegemeza kwenye mto na kucheza kwa kidole kimoja, ina gramu mia moja na themanini. Tulipomwekea mpya mkononi aliishika kidogo tu, ikamdondokea kifuani. Ulipopiga simu jioni ile akakuambia ni nyepesi kama karatasi. Nilikuwa nimekaa palepale, mashine nimeipakata mimi.

"Siku hizi wanawatengenezea wabeba magunia," akaniambia ulipokata simu. Tukacheka wote wawili.

Lakini ile ndogo haishiki intaneti, na wewe ulitaka mcheze gemu ya matofali pamoja kila Jumamosi alasiri, wewe huko na yeye hapa. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa nakaa kando ya kitanda, mashine magotini, yeye anatazama kioo na kuniamuru. Geuza. Kushoto. Kushoto, wewe, unalala? Tofali linashuka, yeye anafikiri, mimi nabonyeza. Kwa hiyo kila alipokufunga, ulifungwa na kichwa chake kweli, hilo sikunyang'anyi. Mikono tu ndiyo iliyokuwa yangu.

Ukawa unatuandikia kwamba ukiona taa ya kijani kwenye jina lake unajua mzee yu salama, unalala usingizi wako. Likizo ya mwaka jana hukuja. Ya mwaka huu umeisogeza mbele mpaka mashine nyingine mnayoitengeneza itoke. Na mimi nikaendelea kuiwasha kila siku na kucheza peke yangu, hata siku ambazo yeye amelala mchana kutwa hajafungua jicho, ili wewe usiingiwe na wasiwasi. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Baba aliniomba ninyamaze. Kuwasha taa hakuniomba mtu, nilijitungia mwenyewe.

Tangu Januari ugonjwa umefika kwenye ulimi. Neno moja linamchukua muda kulisukuma nje, ndiyo maana ukipiga simu tunakuambia amelala, kumbe anakusikiliza. Anasema kushoto, na likitoka tofali limeshatua. Tunaanza upya, linatua tena. Ndiyo maana ulimfunga mara nne mfululizo, ukamwandikia ule utani kwamba mzee sasa amezubaa, unamshinda hata ukifumba macho. Sikulaumu, ungejuaje. Huwa namsomea kila unachoandika, na maneno yalinitoka kabla sijayaona vizuri. Baba alilia. Nilikuwa sijapata kumwona akilia maishani mwangu, hata tulipomzika Mama. Hakuweza kujifuta machozi, nikamfuta mimi.

Halafu Jumatano ukaleta ujumbe mrefu wa furaha kuhusu mashine mnazozitengeneza sasa. Nimeusoma mara tatu. Unasema kioo kitakuwa kikubwa zaidi, kaseti za kuchomekea gemu hazitakuwepo tena, vitufe vinaondolewa, na itaijua mikono ya mwenyewe, namna anavyoshika na joto la vidole vyake, kiasi kwamba mtu mwingine akiigusa inajifunga. Unasema ile ndogo ya vitufe hamtaitengeneza tena. Unasema kwenye mkutano uliwaonyesha wakubwa wako matokeo ya Baba, mzee wa miaka sabini na mitatu anayecheza saa mbili kwa siku kwenye mashine kubwa bila taabu, wakapiga makofi. Na kwamba yeye atakuwa wa kwanza kuletewa mpya aijaribu.

Mdogo wangu, uliwaonyesha vidole vyangu. Sasa wazee wenye mikono dhaifu watakosa kimashine chepesi kwa sababu mimi ni hodari wa kudanganya na wewe ni mwepesi wa kuamini. Nenda ukawaambie ukweli. Najua utaona haya mbele ya wakubwa wako. Mimi nimeona haya mbele yako tangu mstari wa pili wa barua hii, na bado naandika.

Ukishawaambia hilo, waambie na jingine. Nimekaa na mgonjwa na mashine yenu miezi kumi na minne, kwa hiyo katika hili mhandisi ni mimi. Ninyi mnashindana kwa ukubwa na kwa kasi. Mtu kama Baba anahitaji kitu kinachokaa kwenye kiganja kisichoweza tena kukunja vidole, chenye kitufe ambacho kidole kinakihisi, na kinachoweza kumsubiri. Tofali likae hukohuko juu mpaka neno lake limalize kutoka. Mashine hii nilimpelekea fundi wa simu aliye jirani na posta nikamuuliza kama anaweza kuipunguza kasi. Akaigeuza, akatafuta skrubu hakuona hata moja, akaniambia ndani yote ni gundi na kasi inapangwa huko kwenu. Akanirudishia bila kuifungua.

Hiyo mpya usitutumie, nakuomba. Mikono ya Baba haitaweza kuishika ili iijue, na yangu itaikataa. Njoo wewe. Usinipangie mwakani, usinipangie baada ya uzinduzi. Daktari anasema sauti huenda ikamwisha kabla ya mwezi wa tano, na baada ya hapo atakusikia na atakuona, lakini hatakujibu tena. Akili yake iko vilevile, hiyo haijaguswa, na ndiyo maana inatisha.

Jana ilikuwa Jumamosi, najua ulisubiri na hukumwona. Mashine nimeizima, nimeiweka kabatini. Taa ya jina lake haitawaka tena. Usishtuke ukafikiri ametutoka. Kama kuna habari ya namna hiyo utaisikia kutoka mdomoni kwangu, si kutoka kwenye mashine.

Nimemwambia Baba kwamba naandika barua hii na kila nitakachosema ndani yake. Alinitazama muda mrefu, nikajua ninagombezwa. Kisha akafumba macho. Hakusema nisiandike, na angetaka angejitahidi akasema.

Shangazi anakusalimu. Anasema ukija usilete zawadi yoyote yenye waya. Mpe wifi salamu zangu, mwambie asinikasirikie, na kama ana nafasi kazini aje nawe, maana kabla ulimi haujalegea Baba alikuwa akiuliza kama bado ana kicheko kile kikubwa. Mzee wa kiwanda cha uchapaji, yule rafiki yake mwenye miwani ya kamba, huja kila Alhamisi kumsomea gazeti, na yeye pia anakusalimu.

Limebaki moja, nalo sikutaka kuliweka katikati ya mengine. Kuna mtaalamu wa matamshi anayekuja asubuhi kumfanyisha Baba mazoezi ya ulimi. Alimwandikia orodha ya maneno ya kumsaidia siku hadi siku: maji, mto, dirisha, naumwa. Baba ameikataa orodha. Ana nguvu ya maneno machache tu kabla hajachoka, na yote anayatumia kwa neno moja, jina lako, lile alilokupa ulipozaliwa. Langu halifanyii mazoezi, anasema mimi nipo. Anataka ukiingia mlangoni alitamke lote bila kukwama. Leo asubuhi alijaribu mara sita, likatoka mara moja, na mwisho wake haukusikika.

Mungu akulainishie njia na akufikishe kwetu mapema.

Ni mimi dada yako, niliyekukosea na ninayekupenda,
Karani.