Matundu Manane Chini ya Begi Langu

Jumatano, Kericho. Asubuhi kulikuwa na jua kali, saa saba na nusu mvua ikashuka, na mimi nilikuwa nimekaa barazani tangu saa sita nikiingoja kama mtu anayengoja mgeni wa maana.

Nina miaka hamsini na miwili na nimechangamkia begi.

Begi la laptopu, la kubebea kazi safarini. Najua linavyosikika. Lakini wengi mnaosoma ukurasa huu mko njiani kila wiki kama mimi, na mtanielewa.

Nianze na kosa. Mwezi uliopita niliua laptopu ya kazi. Nilikuwa natoka Sigor, kule Chepalungu, kwa pikipiki, mvua ikatukuta mahali pasipo na hata kibanda. Begi nililokuwa nalo ni lile jeusi la semina, lenye maandishi ya rangi ya fedha, nililolipenda kwa sababu lilinifanya nionekane mtu wa ofisi. Tulipofika Bomet mjini nilifungua zipu na maji yakamwagika kwenye sakafu ya hoteli. Mahojiano ya siku tatu yalikuwa humo ndani. Fundi wa kompyuta aliifungua, akaitazama, akaifunga tena na kunirudishia.

Mhariri wangu yuko Nairobi na ni mwanamke wa maneno machache. Alinitumia laptopu nyingine kwa gari la vifurushi, akanipigia simu siku hiyo hiyo.

"Ya pili ikilowa, nakurudisha mezani," alisema. "Hakuna ya tatu."

Mezani maana yake ni kukaa Nairobi nikisahihisha habari za wenzangu. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, na kitu ninachokijua vizuri ni kimoja tu: kufika mahali, kuuliza, na kuandika nilichoambiwa. Sasa hivi ndiyo nimekabidhiwa kazi niliyoiomba kwa muda mrefu, kufuatilia wakulima wadogo wa kaunti hizi mbili, Kericho na Bomet, kwa mwaka mzima, siku nne njiani kila wiki. Safari ya kwanza ni kesho.

Kwa hiyo nilihitaji begi ambalo halitaniaibisha.

Nilianza na maduka ya mjini. Niliingia matano, chupa ya maji mkononi. Kila muuzaji aliniapia kwamba begi lake halipitishi maji, na kila mmoja nilimwomba ruhusa nilimwagie. Wawili walikataa. Wawili walikubali wakajuta. Wa tano, bwana mmoja wa makamo aliyevaa tai, alisimama akatazama maji yakipenya, kisha akaniambia kwa upole, "Madam, hili ni la ofisi. Hukuniambia unaenda kuvua samaki."

Nilicheka, na nikamnunulia soda, kwa sababu baada ya utani alinifundisha kitu. Alinionyesha kwamba kitambaa chenyewe kilikuwa kikavu. Maji yalikuwa yakiingia kwenye mshono, pale sindano ilipotoboa. Tangu siku hiyo sitazami tena rangi wala mifuko ya kalamu. Nageuza begi ndani nje natazama mishono, na wauzaji hawanipendi.

Kwenye mitumba nilipata moja zuri, la turubai zito, zipu ya chuma. Nililijaza pakiti tatu za unga nikalitundika kwenye msumari wa mlango. Siku ya pili, nikiwa jikoni, nilisikia kishindo. Mkanda wa bega ulikuwa umechomoka na mshono wake wote. Nilifagia unga nikiwa na furaha ya ajabu. Afadhali unga.

Aliyenionyesha njia ni jirani yangu, Mama Moraa, Mkisii anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chai, sehemu ya kunyaushia majani. Alinikuta nikimwagia maji begi la nne au la tano la mitumba uani.

"Mama Chebet, wewe unauliza watu wa mjini mambo ya mvua?" alisema. "Watu wa mvua wako kwenye chai. Uliza nani anawashonea."

Miaka ishirini na sita ya kuuliza watu maswali, na hili sikuliwaza.

Anayewashonea, upande wa Belgut, ni Fundi Okello wa Sosiot. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa wakaja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, naye akazaliwa hapa na akabaki na cherehani. Kwa miaka thelathini ameshona aproni za wachuna chai na mifuko ya kubebea majani. Nilipomweleza shida yangu hakunionyesha picha wala hakunisifia kitu. Aliuliza maswali. Chombo kina uzito gani? Kinabebwa mgongoni au ubavuni? Mvua inakupiga kwa mbele au kwa nyuma? Ukishuka kwenye pikipiki, unakiweka wapi? Ni maswali ambayo ningejivunia kuyauliza mimi.

Alipima laptopu mara tatu kwa futi yake ya kitambaa, kisha akaniambia nirudi Jumanne.

Jumanne ilikuwa jana. Begi ni turubai la lori la kijani, mishono miwili miwili iliyokunjwa ndani na kupakwa nta, na kifuniko kinachoshuka mbele hadi nusu ya begi na kufungwa kwa buko mbili, vile vibanio vya mikanda. Mikanda imetokana na ule utepe mpana wa kufungia mizigo kwenye malori, na haikuishia kwenye mshono wa juu. Imepita chini ya begi ikazunguka, kwa hiyo uzito wote unakaa juu yake. Ndani kuna sponji. Nililivaa nikatembea soko zima nikisingizia natafuta vitunguu.

Basi leo mvua iliponyesha nilikuwa tayari. Laptopu iliyokufa nilikuwa bado nayo, nikaifunga kwa gazeti letu la Jumapili, kwa sababu karatasi ya gazeti haifichi tone la maji. Nikaitia ndani ya begi, nikafunga buko, nikatoka bila mwavuli. Nilipanda barabara hadi lango la shamba la chai na kurudi, dakika arobaini kwa saa yangu. Mama Moraa, ambaye wiki hii yuko zamu ya usiku, aliniuliza kutoka dirishani kama nimefukuzwa nyumbani.

Nikarudi, nikakausha mikono, nikafungua.

Gazeti lilikuwa kavu hadi kwenye ncha.

Nilipiga hatua mbili za ngoma pale jikoni. Kisha nikakumbuka swali la nne la fundi, lile la ninaliweka wapi nikishuka. Njiani ninaliweka chini, popote. Nikafunga tena begi, nikaliweka kwenye nyasi zilizojaa maji, nikangoja dakika kumi. Nilipofungua, gazeti lilikuwa limelowa kwa chini, vidole vitatu kwenda juu.

Nikaligeuza begi. Kwenye kitako, katikati ya mishono miwili, palikuwa na matundu manane, kila moja na pete yake ya shaba, yamepangwa sawasawa kwa mstari. Kazi safi sana.

Nilikaa kwenye stuli na simu mkononi. Nilikuwa nimeshafungua namba ya mhariri. Nilijua hata nitakachosema: begi bado, nipe wiki moja.

Sikupiga. Niliifunga ile laptopu ya pili, iliyo hai, ndani ya koti kuukuu la mvua ili fundi aipime tena akitaka, nikaishika kifuani chini ya koti jingine, nikaita pikipiki, nikaenda Sosiot na begi tupu mgongoni.

Pale kwa Okello kulikuwa na akina mama wanne waliojikinga mvua chini ya bati, wawili bado na aproni zao. Niliweka begi kwenye meza ya cherehani, kitako juu.

"Fundi, haya ni nini?"

"Matundu."

"Ya kazi gani?"

"Ya kupumua," alisema, kama mtu anayemweleza mgeni. "Mfuko bila matundu unachoma majani. Yakifika kwa karani yamekuwa mekundu, anakurudishia."

Kwa msomaji asiye wa huku: jani la chai likishachunwa bado linapumua na kutoa joto. Ukilibana ndani ya kitu kisichopitisha hewa, linaungua kabla halijafika kituo cha kupokelea chai, na karani wa kituo hapokei jani lililoungua. Kila mtu hapa anajua hivyo.

"Fundi," nikamwambia, "mimi sibebi majani."

Alilitazama begi, akapitisha kidole juu ya pete moja moja, na niliona kwamba hakumbuki kuyatoboa. Mikono ilikuwa imefika mwisho wa mfuko ikafanya inachofanya siku zote.

Mama mmoja mwenye aproni alisogea, akachungulia, akaniuliza kwa uso mkavu kabisa, "Kwani karani amekataa laptopu yako?"

Banda zima lilicheka. Mwingine akasema huenda ilichunwa majani matatu badala ya mawili anayotaka karani. Okello alicheka hadi akavua miwani, na mimi, niliyekuja na hasira niliyoipanga vizuri njia nzima, nikaikosa.

Alipomaliza kucheka aliuliza swali jingine. Hiyo mashine, haipati joto? Nikasema inapata, hasa ukiifunga haraka na kuondoka. Akaitikia kwa kichwa. Basi bado inataka kupumua, alisema, ila si kwa chini.

Alitoa pete zote nane. Alikata kipande cha turubai lile lile, akakigundisha juu ya kitako na kukishona pande zote mishono miwili, akapaka nta. Juu yake akapigilia vipande viwili vya soli ya gambuti, ili begi likiwekwa chini lisimame juu ya maji. Kisha akatoboa matundu manne mapya nyuma, juu kabisa, pale kifuniko kinapolala. Niliandika kila hatua kwenye daftari. Haikufika saa nzima, na sijaona mhariri akirekebisha kosa vizuri hivyo.

Nikamshukuru, nikasema nitakwenda kujaribu tena na ile iliyokufa.

"Iliyokufa haiogopi maji, Mama Chebet," alisema. "Weka iliyo hai."

Nikamwambia nikikosea hapo nimekosa kazi. Aliinua tu kifuniko cha begi akakishikilia hivyo, akingoja, na wale akina mama wakanitazama.

Nikaitoa chini ya koti, nikafungua lile koti kuukuu, nikaitia ndani. Ilikaa sawa, bila kubanwa, bila kucheza. Buko zikalia mara mbili.

Mvua haikupungua kurudi Kericho. Ni mwendo wa kama nusu saa, na kila mtaro ulikuwa umefurika. Kwenye njia panda mwendeshaji wa pikipiki alisimama kujaza petroli, na mimi nikashuka. Nilivua begi nikaliweka chini kwenye changarawe ya murram, mahali maji yalikuwa yakipita, kwa makusudi. Nikahesabu hadi mia mbili. Mwendeshaji alidhani nasali.

Nyumbani sikukausha hata nywele. Nilikausha mikono, nikafungua buko, nikaingiza vidole hadi chini kabisa kwenye kona.

Kavu.

Nikaitoa, nikabonyeza, ikawaka. Ninaandika haya juu yake, saa kumi na mbili kasoro jioni, na begi limetundikwa mlangoni likidondosha maji kwa nje tu. Nimeshaenda kulitazama mara tatu.

Kuna jambo moja sijalisema, na shajara isiyosema yote ni tangazo la biashara. Safari ya kesho ilipaswa kuwa wiki tatu zilizopita. Niliiahirisha mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia mhariri kwamba bado natafuta begi la kufaa. Ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Ningeweza kuifunga laptopu kwa turubai lolote nikaenda. Nilichoogopa ni kufungua zipu mbele ya watu kwa mara ya pili. Nikauita woga huo utafiti, nikaufanya kwa bidii, maduka matano na pakiti tatu za unga, na leo mchana nilikuwa na simu mkononi tayari kuuongezea wiki.

Mikono ya Okello ilifanya ilichozoea bila yeye kujua; mimi nimejificha kwenye nilichozoea, kuuliza maswali, mwezi mzima nikijua.

Nimempigia mhariri sasa hivi. Nimemwambia natoka kesho saa kumi na mbili unusu asubuhi, Kipkelion kwanza, kisha nashuka hadi Chepalungu, narudi Jumapili. Aliuliza kama nimepata begi. Nikasema nimepata. Aliuliza la kampuni gani, nikacheka, nikamwambia atalisoma.

Utabiri unasema mvua siku zote nne.

Safi kabisa.